Nimeshiba

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Beda alilisema akiwa bado mlangoni, hata viatu hajavua, na Marciana alipolisikia alifunika sahani na kurudi jikoni. Nimeshiba. Mwanaume katoka Mikumi, kadandia pikapu ya mizigo kupitia kijiji cha Ulaya, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, anafika kwake Kilosa Jumamosi jioni halafu anasema ameshiba. Kashiba nini, vumbi?

Jumamosi za mwanzo Marciana alidhani mumewe anaumwa. Alimpikia uji wa ulezi, akamchemshia majani ya mpera, akamuuliza kama tumbo linamsokota. Beda akasema hapana, Mama Imani, nimeshiba tu, kisha akaenda zake barazani kukaa na redio. Baadaye Marciana akaacha kuuliza. Mtaa mzima ulishakuwa na jibu, na yeye hakutaka kulisikia likitoka kinywani mwa mumewe.

Na huyu Beda hakuwa mtu wa kukataa chakula. Miaka yote alipokuwa fundi kwenye karakana ya shamba la mkonge, alikula mpaka akakwangua sufuria kwa kijiko. Alichopenda zaidi ni wali wa mkewe, ule unaotiwa jani la mlimau maji yakikaribia kukauka, kama bibi yake Marciana alivyokuwa akifanya kule Mamboya. Jani hutolewa kabla ya kupakua, lakini kwao waliliacha makusudi. Atakayelikuta kwenye sahani yake haoshi vyombo siku hiyo. Beda, ambaye hakuwa anaosha vyombo siku yoyote ile, aligombania jani hilo na mwanawe Imani bila haya.

Kisha shamba likauzwa. Redio ilisema nchi inafungua milango ya biashara, na mlango wa kwanza kufunguliwa kwa Beda na wenzake ulikuwa ule wa kutokea. Mwenye shamba mpya alikuja na mafundi wake. Beda alikaa nyumbani miezi akichokonoa baiskeli za watu, mpaka siku moja akasema anakwenda Mikumi, barabara kuu, ambako malori ya Zambia na Malawi yalikuwa yanalala na migahawa ikiota kila kukicha. Kwenye malori hakukosekani kazi, alisema. Akawa anaondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, mkononi ana chochote cha nyumbani, sukari, sabuni, daftari za Imani. Kwa hilo Marciana hakuwa na neno.

Ila alirudi ameshiba. Halafu kanga ya Marciana ikatoweka, ile ya maua ya mikorosho aliyoipenda kuliko zote. Aliitafuta kambani, sandukuni, hadi kwa majirani. Haikuwepo. Na ilitoweka siku ileile Beda alipoondoka kwenda Mikumi. Jamani, mtu akiibiwa na mumewe anakwenda kushtaki wapi? Marciana alikaa kitandani akailia ile kanga, na hakuwa anailia kanga.

Sasa, hapo jirani alikuwepo Mwalimu Agnesi, mwalimu mstaafu, mjane. Klabu ya wafanyakazi pale shambani ilipofungwa, vitabu vya maktaba yake vilimwagwa nje vikawa vinafungiwa karanga. Mwalimu aliokota alivyoweza. Kimoja kilikuwa riwaya nene, akaivalisha gazeti kama alivyozoea kuwavalisha wanafunzi vitabu vyao, na kila Jumatano mchana akaisoma kwa sauti barazani kwake. Wasikilizaji walikuja na kazi zao mikononi. Marciana alichambua mchele. Hildegarda, jirani yake wa ukuta wa mabua, alikuja na maharage ya kupukuchua, pamoja na mdomo wake. Kulwa, mama wa Kisukuma aliyekuja na familia na ng'ombe wao wakakaa upande wa Chanzuru, alipitia hapo akishauza maziwa, akakaa na kibuyu chake kitupu miguuni.

Riwaya ilimhusu mwanamke mmoja aitwaye Zawena. Mpenzi wake alikwenda machimboni, mbali kabisa, na Zawena kwa mapenzi akawa anampikia kila siku kama vile yupo. Akipika samaki, yule mwanaume huko aliko anasikia utamu wa samaki kinywani. Akipika ndizi, anacheua ndizi. Wenzake wanahangaika na njaa shimoni, yeye ananenepa. Mwandishi alilieleza hilo kavu kabisa, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Na kwa kuwa mwanaume yule hakusikia njaa, hakukumbuka nyumbani. Mwaka ukapita, na mwingine, Zawena anapika na jamaa anashiba, wala hana habari ya kurudi.

Hapo Mwalimu alifunga kitabu akauliza wanaonaje.

Hildegarda hakuhitaji kufikiri. Alisema hilo ni limbwata tupu, mwandishi kaona aibu tu kulitaja kwa jina lake. Mwalimu akamwambia limbwata hulishwa mtu aliye karibu, huyu yuko mbali. Hildegarda akajibu kwamba kila kitu siku hizi kinaboreshwa. Mwalimu alicheka, akaeleza taratibu kuwa kitabu kinasema habari za moyo, kwamba mtu anaweza kupenda mpaka akaharibu, akampa mwenzake kila kitu asimwachie hata sababu ya kurudi. Alikuwa na machozi alipokuwa akieleza, na wote walijifanya hawayaoni.

Kulwa yeye kitabu kilimkera. Alisema huyo Zawena ana akili gani, kupika kila siku kwa mtu asiyekuwepo wakati nchi ina njaa. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Hicho chakula chenyewe kilichobaki kwenye chungu, nani alikuwa anakila?"

Mwalimu alirudi nyuma kurasa kadhaa akatafuta. Hakuliona. Mwandishi alikuwa amelisahau.

Mchele ulikuwa umeacha kutembea kwenye ungo wa Marciana tangu lile neno la kushiba lilipotajwa. Hildegarda alimtazama, akashindwa kujizuia. Alisema tena kwa huruma, na huruma ya Hildegarda ndiyo inayouma kuliko matusi yake.

"Mama Imani, huko Mikumi kuna mtu anapika. Usidanganyike. Mwanaume hashibi hivihivi."

Usiku ule Marciana hakulala vizuri, na aliyemkosesha usingizi alikuwa mtu wa kitabuni. Aliona kabisa kwamba riwaya ile imeandikwa kwa ajili yake. Mwanamke anapika, mwanaume aliye mbali anashiba, na nyumbani hana hamu napo. Tofauti ni kwamba yeye si Zawena. Yeye ni yule ambaye mume anarudi kwake akiwa amelishwa. Ndivyo alivyokisoma kitabu, na usimcheke. Wangapi wanasoma kitabu wasijitafute humo ndani? Alhamisi asubuhi alimwachia Imani ufunguo, akavaa gauni la kanisani, akapanda gari la Mikumi. Alikuwa anakwenda kumwona huyo mwanamke kwa macho, na kumvua ile kanga kiunoni mbele za watu.

Mikumi ilikuwa moshi wa dizeli na moshi wa kuni. Malori yalipangana kando ya lami, na ng'ambo migahawa ya mabati na turubai, kila mmoja na benchi zake. Marciana hakumwona Beda popote kwenye malori. Aliuliza kwa vijana wa kubadilisha matairi. Wakasema fundi yupi, Fundi wa kwa Winnie? Wakaonyesha kidole. Basi anaye kweli, na ana jina.

Winnie mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, amejaa vizuri, ana jino la dhahabu. Alimwamkia Marciana shikamoo kwa heshima, naye akaitikia marahaba huku akimkagua kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Hakuwa na kanga ya mikorosho. Alikuwa amevaa sketi. Marciana akaketi kona ya benchi, akajifunika mtandio, akaagiza wali maharage. Alitaka kwanza aone huyo mwanamke anampa nini mumewe.

Sahani ikaja. Alinawa, akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna.

Ulikuwa wali wake. Si unaofanana na wake, wali wake. Kitunguu cha maharage kilikuwa kimeachwa kikaungua pembeni kidogo, kama anavyofanya yeye. Na alipofukua katikati ya sahani alikuta jani la mlimau, limelala pale chini ya wali.

Hasira iliyompanda haikuwa na mfano. Kumchukua mumewe, sawa, wanawake wanachukuliwa waume kila siku. Lakini Beda amekaa na huyu mwenye jino, akamwelekeza hadi jani la marehemu bibi yake wa Mamboya? Alisimama.

"Chakula hiki umekipika wewe?"

"Mimi? Mimi hata uji unanishinda, dada yangu," Winnie alisema, akacheka. "Nina mpishi wangu huko nyuma. Madereva wanapita migahawa yote kuja kwake." Akageukia upande wa jiko, akaita, "Fundi, njoo, kuna mgeni amekipenda chakula chako."

Beda akatokea kwenye pazia la gunia. Jasho linamtoka, mwiko mkononi, na kiunoni amejifunga kanga ya maua ya mikorosho, imejaa madoa ya mafuta.

Beda akasema polepole kwamba huyu ni mgeni wake, akamwongoza Marciana kupitia pazia hadi jikoni. Kulikuwa na meko mawili, sufuria kubwa ya wali imefunikwa makaa juu, na ndoo ya maharage. Beda alimtafutia kigoda. Marciana hakukaa.

Angekuta mwanamke angejua pa kuanzia. Angemvuta nywele, angepiga kelele mpaka malori yakawaka, angerudi Kilosa analia, na kila mtu angelia naye. Hapa palikuwa na mumewe na mwiko. Huyuhuyu Beda, ambaye jirani yao Onesphory alipouguliwa na mke akatoka nje kusonga ugali, yeye ndiye aliyempachika jina la Mama Ntilie. Jina likaganda. Mke wa Onesphory alipona zamani, lakini watoto bado wanamwita hivyo akipita. Na Marciana naye siku ile alicheka, tena alicheka sana.

"Tangu lini?" aliuliza.

Beda akaeleza, huku anakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Kwenye malori kazi ilikuwa ya vijana. Winnie alimpa kuchota maji na kupasua kuni. Siku moja mpishi wake hakuja, wali ukawa unataka kuungua, naye akausogelea. Alikumbuka tu vile alivyokuwa anamwona Marciana akifanya, miaka yote ile aliyokaa mlangoni pa jiko akisubiri chakula. Hakujua kwamba alikuwa anajifunza.

"Na kwangu huli kwa sababu gani?"

Beda aliutazama mwiko.

"Naogopa kuropoka. Nikitia tonge moja tu mdomoni nitakuuliza kitunguu umekikaanga muda gani. Utanijua palepale."

Kicheko kilimjia Marciana, kikageuka kitu kingine. Maisha yote ya ndoa yao hakuwahi kuulizwa habari ya kitunguu. Leo mumewe anayajua yote ya jikoni, wangeweza kuyazungumza mpaka taa ikaisha mafuta, na yeye ameamua bora mkewe amfikirie malaya kuliko amjue mpishi. Alikosa usingizi kwa ajili ya nini, basi? Alililia kanga ya nini?

"Usiwaambie," Beda alisema. "Imani, Hildegarda, yeyote. Unajua wataniita jina gani."

Marciana alijifunga mtandio wake vizuri. Aliona kwamba Beda anamwangalia mdomoni, anasubiri amwambie kama wali ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri. Hakumwambia.

"Jani umesahau kulitoa," alisema.

"Sikusahau. Kila siku naliacha kwenye sahani moja. Anayelikuta hajui kwamba ameshinda."

Alirudi Kilosa na gari la jioni, na Jumamosi hiyo Beda hakuja. Jumatano iliyofuata alikwenda kwa Mwalimu kama kawaida, maana asingekwenda wangemfuata nyumbani. Mwalimu alisoma sura ya mwisho. Zawena anachoka, anamwaga maji kwenye mafiga, na moto wa miaka unazimika. Kule machimboni mwanaume anashikwa na njaa kwa mara ya kwanza, anaacha sururu, anaanza kutembea. Kitabu kinaishia amesimama mlangoni kwa Zawena, jiko ni baridi, kuni zimelowa, wanatazamana.

Hildegarda akasema angekuwa yeye angemwacha afe na njaa hapohapo mlangoni. Kulwa akasema angempa maziwa kwanza, ugomvi baadaye, mtu mwenye njaa hasikii anachoambiwa. Mwalimu akasema mwandishi amewaachia wao waamue. Kisha wote watatu wakamgeukia Marciana, na Hildegarda akauliza lile walilokuwa wakilisubiri wiki nzima, kama amemwona huyo mwanamke wa Mikumi.

Marciana alikuwa ameliandaa jibu njiani. Hakuna mwanamke, angesema. Lakini akisema hakuna, Hildegarda atauliza anashiba nini, na Hildegarda akiuliza haachi mpaka apate. Kabla ya Jumapili mtaa mzima utakuwa unamwita Beda lile jina alilolitunga mwenyewe, na Imani ataimbiwa njiani kwenda shule. Beda hatarudi tena Kilosa, anamjua. Alizungusha mchele kwenye ungo mara moja.

"Nimemwona," alisema. "Anapika vizuri kuliko mimi."

Mwalimu Agnesi aliinamisha kichwa. Hildegarda aliacha maharage yake, akaja kumkumbatia, akamuuliza kama alikila chakula cha huyo shetani, na alipoambiwa ndiyo alishika kifua akisema basi na wewe umelishwa. Alikuwa analia kweli. Marciana alikubali kukumbatiwa. Alijiona anakuwa mke aliyeachwa hivihivi, macho yake yanaona, na hakuna wa kumweleza. Kulwa yeye alichukua kibuyu chake akaenda, kwa kuwa njia ya Chanzuru ni ndefu.

Jumamosi Beda aliteremka kwenye pikapu, wanaume waliokaa kwenye kilabu cha pombe wakamshangilia. Mmoja alimpiga bega akamwita mzee wa Mikumi. Mwingine akamwambia bado una nguvu, Fundi. Beda hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa, hakukana. Tangu atolewe karakanani hakuna mwanaume aliyempiga bega, na alitembea hadi kwake mgongo umenyooka. Marciana alimwona akija hivyo, toka mbali, na alijua ni yeye aliyemnyoosha.

Beda aliingia akavua viatu. Hakusema neno lake. Alikaa mkekani, akanawa, akasubiri. Marciana alitenga wali. Nyuma ya ukuta wa mabua palisikika Hildegarda akiburuta kigoda chake kukileta karibu, wala hakujificha, maana alikuwa amekuja kumtetea rafiki yake. Imani alikuwa kwa Mwalimu.

"Kwangu unatafuta nini?" Marciana alipaza sauti, ili ukuta usikie. "Si urudi huko unakokula!"

Wakati huohuo mkono wake ulikuwa unaisogeza sahani mbele ya Beda, taratibu, isigonge sakafu. Beda alimtazama, akaona mkono, akaelewa. Akatia tonge mdomoni. Alikuwa na njaa ya wiki nyingi. Marciana akaendelea kupaza sauti, kwamba ameaibishwa, kwamba anatembea barabarani anaonewa huruma na watu ambao jana walikuwa wanamwamkia, kwamba alilia kanga yake mpaka macho yakavimba, kwamba miaka yote amempikia na hakuwahi kusikia asante. Alikuwa ameanza kwa kuigiza. Katikati hapo akagundua kwamba haigizi tena, sauti inatetemeka yenyewe, na hajui namna ya kuinyamazisha.

Hildegarda kule nje alinong'ona, mwambie, mwambie.

Beda alikula akiwa ameinama. Alilikuta jani, akaliweka pembeni ya sahani. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa ambayo ukuta usingeweza kuisikia, akauliza.

"Kitunguu umekikaanga muda gani?"

Marciana alikaa chini akalia, naye Beda akamaliza wali, akachukua sahani akaiosha mwenyewe, polepole, maji yasisikike.